Tuliza Mwili kwa Muziki Unaoupenda Mwenyewe

Wengi wanaofika kwenye vyumba vya ushauri wa afya ya akili hapa Mbeya hawaji wakisema wana msongo wa mawazo. Wanasema kichwa kinagonga, mabega yamekaza, usingizi unakatika saa nane usiku, moyo unaenda mbio wakiwa wamekaa tu. Ukiendelea kuuliza ndipo mengine yanatoka: mahindi yamejaa ghalani na bei imeanguka, marejesho ya mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ni Ijumaa, mume ni dereva wa lori na amekwama kwenye foleni ya Tunduma. Wimbo hautapandisha bei ya mahindi. Lakini mwili unaobeba mizigo hiyo unaweza kupumzishwa, na njia mojawapo iko tayari mfukoni mwa watu wengi, kwenye simu yenye redio au memori kadi.

Mtu anapoingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huongeza kasi, misuli hukaza, sukari hupanda kwenye damu. Ukikutana na nyoka shambani, hali hiyo inakuokoa, kisha inapita. Madhara huanza inapodumu wiki hadi wiki: usingizi huharibika, presha hupanda, na hasira huwa karibu hata kwa watoto wasio na kosa.

Muziki unaweza kuishusha hali hiyo, ila ninasisitiza uwe ule unaoupenda wewe. Watu hushauriwa kutafuta kinanda cha taratibu au sauti ya maji yanayotiririka, wanajaribu, hawasikii chochote, wanaacha. Siwashangai. Mama aliyekulia Rungwe, ambako wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika mwaka 1891, anaweza kutulizwa na matarumbeta ya kanisani kuliko kinanda chochote cha mbali. Mzee wa Iringa aliyelelewa akisikia ligombo, ala ya nyuzi, likipigwa na Wahehe ana lake. Mwingine ni rhumba, mwingine kaswida, mwingine zilipendwa za redioni. Hakuna muziki wa kuonea aibu hapo.

Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwaambia washiriki waje na nyimbo zao wenyewe, zile zinazowasisimua mpaka vinyweleo vinasimama. Vipimo vya ubongo vilionyesha dopamini, kemikali inayohusika na raha, ikitolewa wimbo ulipofika penyewe. Sehemu nyingine ya ubongo ilianza kuitoa mapema zaidi, msikilizaji akiwa bado anakisubiri kipande chake. Kwa maoni yangu ndiyo sababu wimbo wa zamani unaoujua mpaka pale kiitikio kinapoingia unakushika kuliko mpya uliosifiwa na jirani.

Hata hivyo kupenda peke yake hakutoshi, kwa sababu mwili hufuata kasi. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mdundo wa haraka huongeza pumzi na mapigo ya moyo, na kwamba kasi hiyo ina nguvu kuliko aina ya muziki. Kilichonivutia zaidi ni kimya cha dakika 2 kilichowekwa katikati ya nyimbo: hapo moyo na presha vilishuka hata chini ya pale vilipoanzia. Kwa hiyo usiache nyimbo zifuatane bila kukoma. Wimbo ukiisha, zima, kaa, pumua, kisha ndipo uendelee.

Vijana wa bajaji pale Mwanjelwa huuliza kuhusu singeli, ambayo midundo yake hupita 200 kwa dakika. Sisemi waiache. Mtu aliyerudi nyumbani amejaa hasira hawezi kurukia wimbo wa kubembeleza, utamkera. Wataalamu wa tiba kwa muziki wana kanuni inayotumika tangu miaka ya 1940: anza na muziki unaofanana na hali uliyonayo, kisha shuka polepole. Cheza singeli yako mpaka jasho likutoke, fuata na Bongo Fleva ya wastani, umalizie na ile ya taratibu uipendayo. Singeli ya saa tano usiku kitandani, hapana.

Tenga hata robo saa ambayo hufanyi kingine. Muziki unaolia nyuma huku unajibu ujumbe wa simu haupumzishi sana. Baridi ya Juni na Julai ikiwafungia ndani mapema kule Makete na Njombe, huo ni muda mzuri. Andaa nyimbo zako siku ukiwa na nafuu, maana aliyelemewa hana nguvu ya kuchagua. Na ujichunguze baada ya kusikiliza: umekuwa mwepesi au mzito zaidi? Wimbo ulioimbwa msibani, au wa mapenzi yaliyovunjika, unaweza kuupenda sana na bado ukakuzamisha ukiurudia usiku kucha. Huo uweke kando kwa sasa.

Kuimba kuna faida yake ya ziada. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walionyesha kwamba mapigo ya moyo ya watu wanaoimba pamoja hupanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wanavuta na kutoa pumzi kwa wakati mmoja. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo. Aliyeacha mazoezi ya kwaya kwa sababu ya mawazo, ningependa arudi.

Linda masikio. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 ni saa 4 tu. Ukivaa spika za masikioni, usizidishe asilimia 60 ya sauti ya simu.

Ikiwa huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumedumu wiki 2 au zaidi, au unawaza kufa, muziki hautoshi na usisubiri. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, mwambie ndugu unayemwamini akusindikize, au piga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo. Na kama unatumia dawa za presha au za sonona, endelea kuzimeza kama ulivyoelekezwa hata pale muziki unapokupa nafuu.