Koili ya shaba ikigeuka kahawia haijaharibika

Wengi wanaotengeneza bia nyumbani wakiona koili yao ya kupozea (bomba la shaba lililozungushwa, linalotumbukizwa kwenye maji ya moto ya kimea ili kuyapoza) imefifia na kuwa kahawia, huisugua kwa stilwaya mpaka ing'ae. Kazi bure. Rangi hiyo ni oksidi ya shaba, utando mwembamba tu. Maji ya kimea, yaani bia kabla haijatiwa hamira, yana asidi kidogo (pH 5.2 hivi), ndiyo maana koili huingia imefifia na kutoka inang'aa kama senti mpya. Shaba kidogo inayoyeyuka humo, hamira huifyonza sehemu kubwa.

Cha kuogopa ni kutu ya kijani au ya buluu, hasa kwenye maungio. Hiyo ni sumu. Loweka koili kwenye siki nyeupe ya asilimia 5 kwa dakika 15, sugua kwa sponji, suuza vizuri. Jiki usiguse: klorini huila shaba na kuitia weusi.

Tumbukiza koili safi kwenye maji ya kimea yanayochemka dakika 15 kabla ya kuzima moto; mchemko utaua vijidudu. Ukimaliza, suuza na ukaushe kabla ya kuihifadhi. Bia ikishachacha, isikutane tena na shaba, maana shaba huharakisha kuharibika kwa ladha.