Peke yako, siku mbili, tiketi ya bei nafuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaoahirisha safari fupi ya peke yao hawazuiwi na pesa wala muda. Wanazuiwa na maneno waliyosikia: ndege za bei nafuu si salama, utatozwa kila hatua mpaka ujute, mtu peke yake ataibiwa, siku mbili hazitoshi kuona chochote. Baadhi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, na hayo ndiyo yanayopotosha zaidi. Mimi naamini shirika la ndege la bei nafuu halimfai mtu yeyote kama linavyomfaa anayesafiri peke yake na begi moja, ilimradi ajue anauziwa nini hasa.

“Tiketi ya chini, usalama wa chini”

Hii ndiyo dhana inayowanyima watu wengi safari bure. Mashirika ya bei nafuu hutumia ndege zile zile za mashirika makongwe, hasa Boeing 737 na Airbus A320. Cheti cha kurusha ndege hutolewa na mamlaka ile ile ya anga, kwa masharti yale yale. Hakuna cheti cha daraja la pili kwa anayeuza tiketi rahisi. Hata lile neno kwamba wanabania mafuta halisimami. Ndege ya abiria ya jeti lazima ipangiwe kutua ikiwa bado na akiba ya mwisho ya dakika 30 za kuruka, mbali na mafuta ya safari yenyewe na ya kwenda uwanja mbadala. Chukua mashirika mawili ya bei nafuu ya Ulaya: Ryanair ilianza kuruka mwaka 1985 na easyJet mwaka 1995, na hakuna abiria aliyewahi kufa katika ajali ya ndege zao.

Basi bei inashukia wapi? Tazama kilichotokea Texas. Southwest, shirika la bei nafuu la Marekani, ilianza mwaka 1971 kwa safari kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka uliofuata ikabanwa na pesa, ikauza ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo. Badala ya kufuta safari, wafanyakazi wake wakajifunza kushusha abiria, kusafisha, kupakia na kuondoka ndani ya dakika kumi. Ndege iliyoegeshwa haiingizi kitu, na hesabu hiyo ndiyo msingi wa biashara yote hii. Kuwa na aina moja ya ndege kunamwezesha rubani yeyote kurusha yoyote, na vipuri vya stoo kufaa zote. Viti vya Ryanair havina mifuko ya mbele kwa sababu mifuko hujaa takataka, na takataka hula dakika. Boeing 737-800 ya Ryanair ina viti 189, vingi kuliko ambavyo shirika lenye daraja la biashara lingeweka kwenye ndege hiyo hiyo. Kilichopunguzwa hapo ni nafasi ya magoti na muda wa ndege kukaa chini.

Anayetaka kulihakiki shirika asiangalie bei. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya huchapisha orodha ya mashirika yaliyopigwa marufuku kuruka katika anga lake kwa sababu za usalama. Iko wazi kwa kila mtu.

“Nunua Jumanne usiku, na ufute vidakuzi kwanza”

Hakuna siku ya wiki ambayo mashirika yamekubaliana kushusha bei. Bei hubadilika kwa kuangalia viti vilivyobaki, siku zilizosalia na jinsi wateja wanavyonunua. Ukiona imepanda kati ya asubuhi na jioni, sababu ya karibu zaidi ni kwamba mtu mwingine amenunua, si vidakuzi, yaani kumbukumbu ambazo tovuti huacha kwenye simu au kompyuta yako. Kusubiri dakika za mwisho ndiko kubaya zaidi, kwa sababu wanaonunua usiku wa kuamkia safari ni wale wasio na hiari, na shirika linalijua hilo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo linamnufaisha msafiri wa peke yake moja kwa moja. Viti vya ndege hupangwa kwenye mafungu ya bei. Tuseme fungu la chini limebakiwa na kiti kimoja tu. Watu wawili wakitafuta tiketi kwa pamoja, kwa kawaida mfumo hauwapi kimoja kwa bei ya chini na kingine kwa bei ya juu. Unawapandisha wote kwenye fungu lenye viti viwili. Wewe uliye peke yako unakichukua kile kimoja. Hata mkisafiri wawili, jaribuni kutafuta mmoja mmoja kwanza, mtaona tofauti inapokuwepo.

Tena, mashirika mengi ya aina hii huuza kwenda na kurudi kama safari mbili zinazojitegemea. Unaweza kwenda na shirika moja na kurudi na jingine, au kutua mji mmoja na kuondokea mji jirani, bila kuadhibiwa kwenye bei. Sharti lake nalo lisisahauliwe: tiketi mbili ulizonunua mbalimbali hazijuani. Ukiziunganisha ili ubadilishe ndege njiani na ya kwanza ikachelewa, ya pili haikungoji, na hakuna anayewajibika kukupa tiketi nyingine.

“Begi la mkononi ni begi la mkononi”

Sivyo kabisa. Begi dogo la bure la easyJet linaruhusiwa kufika sentimita 45 kwa 36 kwa 20. La Ryanair ni 40 kwa 30 kwa 20. Kwa hiyo begi lililopita bila neno Ijumaa linaweza kukwama Jumapili kama umerudi na shirika jingine, na magurudumu na vishikio huhesabiwa pia.

Ukisimama karibu na lango la kupandia utaona jinsi jambo lenyewe lilivyo. Pale pana fremu ya kupimia, na mfanyakazi anapitisha macho kwenye mstari. Haangalii begi lenye rangi kali wala la kifahari, anaangalia lile lililotuna. Sanduku gumu lililozidi sentimita mbili halina la kufanya, linabaki juu ya fremu na mwenyewe anatafuta kadi ya benki. Begi laini la mgongoni, hata likiwa na nguo zile zile, linakubali kubonyezwa na kuingia. Kwa siku mbili tatu begi la namna hiyo linatosha: viatu vizito na koti unavaa, na vilivyobaki unavikunja. Usiamini ushauri wa kwamba hawapimi. Siku wakipima, ada ya langoni huwa kubwa kuliko ile ungelipa mtandaoni mapema.

Kanuni ya vimiminika vya mililita 100 ipo tangu mwaka 2006. Viwanja vingine vimeweka mashine mpya na kuilegeza, na hapo ndipo watu wanaponaswa: unatoka na chupa kubwa ya losheni bila kuulizwa, halafu uwanja wa kurudia unakunyang'anya. Pawabenki nayo husafiri kabini tu, kamwe isiwekwe kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida bila kibali maalumu ni watisaa 100 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa), na ile ya 20,000 mAh ina takriban 74, kwa hiyo inapita.

“Usipolipia kiti utateseka”

Familia yenye watoto ina sababu ya kulipia. Wewe huna wa kutenganishwa naye. Kubali utakachopangiwa.

“Wanakutupa porini”

Hapa pana ukweli nusu. Uwanja wa Beauvais huuzwa kwa jina la Paris nao uko kilomita kama 85 kutoka mjini; Hahn ulioitwa Frankfurt uko takriban 120 kutoka Frankfurt; Torp wa Oslo uko kama 110. Kwa mtu wa wiki mbili huo ni usumbufu mdogo, lakini kwa mtu wa siku mbili kwenda na kurudi kunaweza kumla nusu ya siku, pamoja na nauli ya basi ambayo haikuonekana kwenye tangazo.

Lakini si kila uwanja wa pili uko mbali. Ciampino uko karibu na katikati ya Roma kuliko Fiumicino, ambao ndio mkuu. Bergamo, ambao wengi huudharau, uko umbali wa karibu kilomita 50 kutoka Milan, na Malpensa ambao ni mkubwa uko umbali kama huo huo. Kwa hiyo jina la uwanja lisikutishe wala lisikutulize. Fungua ramani, tazama basi la mwisho linaondoka saa ngapi, kisha ulinganishe saa hiyo na ile ya kutua ukiongeza saa nzima ya kuchelewa. Ndege ya rahisi inayotua saa sita usiku na kukulazimisha kuchukua teksi peke yako si ya rahisi tena.

“Safari fupi haina mambo ya makaratasi”

Masharti ya mpakani hayalegezwi kwa sababu unakaa siku mbili. Kwanza, shirika la bei nafuu hukutaka uthibitishe safari mwenyewe mtandaoni na upate pasi ya kupandia kabla ya kufika. Ukiacha kazi hiyo ifanywe kaunta, baadhi hutoza ada inayoweza kuzidi tiketi yenyewe. Pili, kwa wenzangu wenye pasipoti zisizo za Ulaya, pasi kwenye simu haimalizi kazi. Ryanair, kwa mfano, humtaka abiria wa namna hiyo apeleke hati zake kaunta zikaguliwe kabla ya kuelekea kwenye ukaguzi wa usalama. Ukifika langoni bila kupita hapo unaweza kurudishwa, na hakuna atakayekusubiri. Panga muda wa foleni hiyo.

Tatu, na hili limewagharimu watu sana: viza ya kuingia mara moja ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, huisha unapotoka eneo hilo. London na Dublin ziko nje ya Schengen, na kila moja ina viza yake. Anayetoka Paris kwenda kutembea huko Jumamosi kwa tiketi ya bei ya kutupa anahitaji ruhusa ya kuingia kule, na pia viza inayomruhusu kuingia Schengen kwa mara nyingine. Bima nayo: viza ya Schengen hudai bima ya matibabu ya angalau euro 30,000 hata kwa safari ya siku mbili. Na hata pale isipodaiwa, uliye peke yako ndiye unayeihitaji zaidi, kwa kuwa hakuna mwenzako wa kulipa kwanza mkahesabiana baadaye.

“Peke yako utaibiwa, na utaboreka”

Hatari ya kweli ya msafiri wa peke yake ni ndogo na ya kila siku: hakuna wa kukushikia begi ukienda chooni, na simu ikizima hakuna simu ya pili. Dawa zake ni za kawaida pia. Pakua ramani ya mji iwe kwenye simu bila intaneti. Andika anwani ya malazi kwenye karatasi. Kadi moja ikae mfukoni, nyingine ndani ya begi, na mtu mmoja nyumbani ajue unalala wapi na unarudi lini. Katika nchi zote za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112, bure, kwa simu yoyote.

Pesa ndipo upweke unapouma kweli, na wanaosema kusafiri peke yako ni nafuu kila upande hawajakwambia yote. Chumba cha hoteli huuzwa kama chumba, wewe mmoja unalipa cha wawili. Ndiyo maana hosteli za wasafiri zinafaa: unalipia kitanda, nyingi zina mabweni ya wanawake peke yao, na nyingine zina vyumba vya mtu mmoja.

Kuhusu kuboreka, nadhani wanaolisema hawajajaribu kutembea jumba la makumbusho bila kumsubiri mtu wala kusubiriwa. Ukitaka kukaa nusu saa mbele ya picha moja, unakaa. Kinachoharibu siku mbili ni kutopanga. Louvre ya Paris hufungwa Jumanne, Uffizi ya Florence hufungwa Jumatatu, na makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Chagua jambo moja kubwa kwa siku, likatie tiketi mapema, saa zilizobaki uziache mtaani.

“Rudi na ndege ya mwisho upate siku nzima zaidi”

Hesabu inavutia, lakini kumbuka ndege hizi hazipumziki. Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, na ucheleweshaji wa asubuhi hurithiwa na kila safari inayofuata, hadi ile ya usiku. Ya alfajiri kwa kawaida imelala uwanjani na inaanza upya. Ya mwisho ikifutwa, mara nyingi hakuna nyingine mpaka kesho yake.

Na ikifutwa, usikubali kuambiwa kwamba tiketi ya rahisi haina haki. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 haiangalii ulilipa kiasi gani. Inahusu kila ndege inayoondoka ndani ya Umoja huo, na inayoingia ikiwa shirika ni la huko. Shirika linapaswa kukupatia chakula, malazi ukilazimika kulala, na nafasi ya wewe kuchagua kati ya kurudishiwa pesa na kupelekwa kwa ndege nyingine. Kosa likiwa lao, safari isiyozidi kilomita 1,500 ina fidia ya euro 250, na tangu uamuzi wa mahakama wa mwaka 2009 kuchelewa kufika kwa saa tatu au zaidi kunahesabiwa pia. Dhoruba huondoa fidia. Chakula na malazi hubaki palepale. Kama kaunta imefungwa na hakuna wa kukusikiliza, lipia chumba cha kawaida, tunza risiti na pasi yako, kisha dai kwa maandishi kwenye tovuti ya shirika lenyewe, bila kupitia kwa wakala anayekata asilimia yake.