Kabla ya Kuifuata Video ya Kata, Tazama Miguu

Wanafunzi hunitumia video za kata, yaani mfululizo wa mijongeo ya karate iliyopangwa, kwenye WhatsApp mara kwa mara, na swali huwa lile lile: "Sensei, hii ni sahihi?" Wengi wao wanaishi mbali na dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, kwa hiyo siku nyingi za wiki mwalimu wao ni simu. Nikiwajibu kwa haraka nitakuwa nimewaachia kazi ya kufuta mazoea mabaya kwa miaka, na mazoea ya mwili ni magumu kufuta kuliko ya kichwa.

Kitu cha kwanza ninachotazama ni miguu. Nguvu ya ngumi huanzia unyayoni, hupanda kwenye goti na nyonga, na mkono huipokea mwishoni tu. Mpiga picha asiyeijua karate huifuata ngumi kwa sababu ndiyo inayovutia macho, akaikata picha kiunoni. Video ya namna hiyo naifunga papo hapo, hata kama anayefundisha ana mkanda mweusi uliochakaa na jina kubwa. Huenda anajua sana, lakini alichokileta hapo hakifundishiki.

Chukua Heian Shodan ya mtindo wa Shotokan, kata ambayo wengi huanza nayo. Ina mijongeo 21. Unageuka kushoto na kushusha gedan barai, kinga ya chini kwa mkono, kisha unasonga hatua moja mbele kwa oi-zuki, ngumi inayopigwa pamoja na hatua. Kwenye gedan barai nyonga imefunguka upande. Kwenye oi-zuki inajifunga na kutazama mbele kabisa. Kujifunga huko ndiko kunakoipa ngumi uzito. Sasa isimamishe video katikati ya hatua hiyo. Je, mguu wa nyuma unapita karibu na wa mbele, au unachora njia pana huku mwili ukiyumba? Kichwa kimebaki kwenye kimo kile kile, au kimepanda na kushuka? Mkono umetulia ukisubiri mguu, au tayari umeshatoka? Hatua ikikamilika, goti la mbele limeelekea kule vidole vilikoelekea, au limeangukia ndani? Kisigino cha nyuma kimekaa sakafuni? Mwalimu mzuri huipunguza kasi hapo hapo, akaonyesha njia kati ya mkao na mkao, kisha akarudia kwa kasi yake halisi. Mwalimu wa kubahatisha hukupa mkao wa mwanzo na wa mwisho, na katikati unajaza mwenyewe. Goti linaloangukia ndani halionekani kuwa shida leo. Baada ya maelfu ya hatua, linauma.

Upande wa kamera nao una uzito wake. Kata ifundishwe angalau mara moja kwa kumwonyesha mwalimu kwa nyuma, ili kushoto kwake kuwe kushoto kwako. Akikutazama usoni wakati wote, unalazimika kugeuza kila kitu kichwani huku unahangaika na mkao. Halafu kuna video zilizorekodiwa kwa kamera ya mbele ya simu, ambazo nyingine hutoka zimegeuzwa kama kwenye kioo. Hizo zinatambulika kwa gi, vazi la karate: upande wa kushoto wa koti hulala juu ya ule wa kulia, siku zote. Kule Japani kulia juu ya kushoto huvalishwa maiti. Ukiona koti limefungwa kinyume, kuna uwezekano mkubwa picha imegeuzwa, na ukiifuata Heian Shodan hiyo utaanza kwa kugeuka kulia. Nimeshaona watu wazima walioishika kata nzima kinyume kwa njia hii, wakiwa na bidii kubwa kabisa.

Jina la kata pia linaweza kukupoteza. Mwalimu Anko Itosu wa Okinawa, Japani, ndiye aliyezipanga kata tano za Pinan mwanzoni mwa karne ya 20. Gichin Funakoshi, mwanzilishi wa Shotokan aliyehamia Tokyo mwaka 1922, alikuja kuziita Heian na akabadilishana nafasi za mbili za kwanza. Kwa hiyo ukitafuta Pinan Shodan ya mitindo ya Shito-ryu au Wado-ryu, utakayopata inalingana na Heian Nidan ya Shotokan. Video nzuri hutaja mtindo wake mwanzoni kabisa, ikiwezekana na ukoo wa mwalimu. Ile iliyoandikwa "karate kata" tu, bila mtindo, iache hata kama imetazamwa na mamilioni.

Kata za mashindano nazipenda, na Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021 iliwavuta vijana wengi kwetu. Ila zile hufanywa mbele ya majaji: mapumziko marefu, sauti kubwa ya gi, mikao iliyoshushwa kupita kawaida. Zitazame upate hamu. Usizinakili ukiwa na mkanda wa njano.

Kwenye bunkai, yaani matumizi ya kata dhidi ya mtu, macho yangu yanahamia kwa anayeshambulia. Je, ngumi yake ingefika? Anayejihami asiposogea, je, angepigwa? Mara nyingi mshambuliaji husimama mbali, ngumi inaishia hewani nusu mkono kabla ya kifua, kisha anaganda huku mwenzake akimshushia mapigo manne. Hapo hakuna kilichojaribiwa. Nikipata mwalimu ambaye mwenzake anaingia kwa dhati, akashikwa, akavutwa na ule mkono wa hikite unaorudi kiunoni, namwambia mwanafunzi wangu aihifadhi video hiyo, bando lake halijapotea.

Sanchin, kata ya mtindo wa Goju-ryu, naichunguza kwa ukali zaidi, kwa sababu mtindo huo umefundishwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970 na vijana wengi wanaufuata. Kwa macho ni kata rahisi: hatua fupi, kisigino cha mbele kwenye mstari mmoja na vidole vya mguu wa nyuma, mguu wa mbele umegeuzwa ndani kidogo. Kazi yenyewe iko tumboni na kwenye pumzi, na kamera haiingii huko. Mwalimu lazima aseme lini unavuta, lini unatoa, na kwamba pumzi haibanwi huku misuli imekazwa, kwa sababu kubana namna hiyo kunapandisha shinikizo la damu. Vijana huiga mkoromo wa kooni wakiona ndiyo nguvu, nyuso zinawaiva. Video ya Sanchin isiyogusa pumzi siipitishi, hata mikao ikiwa safi. Na mwenye presha simruhusu kuifanyia mazoezi nyumbani peke yake. Aje dojo, tuifanye taratibu nikiwa pembeni yake.