Mbona ya zamani anayakumbuka?

Juma hili nimeulizwa tena. Binti kamleta mama yake kliniki, nimemaliza kumpima kumbukumbu, nakusanya njiti zangu za kiberiti, naye ananivuta pembeni. "Nesi, niambie ukweli. Mama anajifanya. Chai ya asubuhi hii hakumbuki kama kanywa, lakini mahari yake anaihesabu mbuzi kwa mbuzi. Mbona ya zamani anayakumbuka?"

Sichoki kuulizwa maswali. Hili linanichosha kwa sababu ndani yake mna hukumu. Mzee akishaitwa mwongo, anakemewa kutwa nzima, anaambiwa "nimeshakujibu mara kumi", na kwenye kikao cha ukoo anatajwa kama mkorofi.

Nieleze basi. Alzheimer, aina moja ya dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomla mtu kumbukumbu na akili kidogo kidogo, kwa kawaida huanzia kwenye hipokampasi na jirani zake, yaani pale ubongo unapopokea jambo jipya na kuliweka. Pakiharibika, chai ya leo haikuwekwa popote, kwa hiyo hata umkazanie vipi hana pa kuitafuta. Mahari ya 1965 iliingia ubongo ukiwa mzima, ikasimuliwa miaka hamsini, ikajikita sehemu ambazo ugonjwa unazifikia baadaye. Mikono nayo ina kumbukumbu yake. Mama huyo huyo atamenya mkungu wa ndizi kwa kasi ile ile ya ujana, kisha abandike sufuria kavu motoni. Yote mawili ni ya kweli kwa siku moja, na hajifanyi katika lolote.

Kinachowapoteza watu zaidi ni salamu. Salamu zetu ni ndefu na zina njia yake: shikamoo, marahaba, hujambo, watoto, mifugo, mvua. Aliyezifanya maisha yake yote anaweza kupita humo dakika tano bila kukwama, na mgeni akaondoka akisema, "Mbona bibi yuko sawa kabisa?" Mlango ukifungwa, bibi anauliza, "Yule alikuwa nani?" Binti anayelala naye chumba kimoja anaonekana mzushi. Mimi mwenyewe mwanzoni mwa kazi niliandika kwenye kadi ya mzee mmoja kwamba hana tatizo, kwa kuwa tulisalimiana vizuri. Mkewe alinitazama, akanyamaza. Siku hizi namsikiliza kwanza anayeishi naye.

Vipimo vyetu navyo vina kasoro. Kumuuliza mzee ambaye hakwenda shule, "Leo ni tarehe ngapi?" ni kupima shule, si ubongo. Ndiyo maana natumia njiti: napanga umbo, naomba alirudie. Hata hapo nina wasiwasi. Wapo niliowaambia ni dimenshia nikabaki najiuliza kama haikuwa huzuni ya kufiwa, au masikio tu.

Haraka haraka: aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu apelekwe hospitali leo hii, huenda ni maambukizi, sukari au dawa. Tezi ya shingoni na upungufu wa vitamini B12 vichunguzwe. Presha itibiwe mapema, tangu utu uzima. Na si kila dimenshia huanza na kusahau: kuna ya mishipa ya damu, kuna inayoanza kwa matusi na kukosa haya, kuna inayomfanya mtu aone watoto wamekaa chumbani wakati hamna mtu.

Hii ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi. Bibi anayeongea na watu wasioonekana, anayetoka saa nane za usiku nusu uchi, akakutwa uani kwa jirani akitafuta mlango wa nyumba aliyozaliwa. Mtaani neno la mtu huyo lipo tayari: mwanga. Katika nchi hii, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. "Anajifanya" na "anawanga" ni ndugu, maana zote mbili zinasema mzee anafanya kusudi.

Na wagonjwa si wachache. Utafiti wa wilayani Hai, hapa Kilimanjaro, ulikuta dimenshia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi. Kila mtaa una wake.

Wajapani walianzia kwenye neno. Mwaka 2004 serikali yao iliacha jina la zamani lililobeba maana ya upumbavu, ikachukua jina jipya. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafundisha watu wa kawaida, wauza duka, wafanyakazi wa benki, hata watoto wa shule, namna ya kumsaidia mgonjwa. Waliofundishwa wamepita milioni 10. Sisi bado tunasema "karudi utotoni" mbele yake, naye anasikia.

Nilijaribu kidogo kwenye kijiwe cha bajaji karibu na kliniki. Bibi mmoja wa mtaa ule alikuwa akija karibu kila alasiri, anataka kupelekwa kwao Usangi, milimani Upare, ambako aliondoka akiwa mwali. Vijana walikuwa wakicheka; mmoja aliwahi kumshusha stendi na kuchukua nauli. Nilikaa nao, nikawaeleza niliyoyaeleza hapa. Sasa akija wanamwamkia, wanampakia, wanazunguka sokoni taratibu, wanamrudisha kwake. Anashuka akishukuru.

Kazini tunabishana kuhusu hilo. Mwenzangu anasema tumewafundisha vijana kumdanganya bibi wa watu, na sijapata jibu la kumridhisha, wala la kuniridhisha mimi. Jana alasiri nilimwona bibi ndani ya bajaji, kitenge amejifunga vizuri, anamwonyesha kijana milima ya kwao kwa kidole, naye kijana anaitikia, "Naam, bibi. Naiona."