Fomu ya Kutathmini Wakufunzi wa Uuguzi: Andika Ulichokiona Wodini

Muhula huu ofisi yetu ya ubora imepokea malalamiko mengi kutoka kwa wanafunzi wa shahada ya uuguzi walio kwenye mafunzo ya vitendo hapa Malindi, na hata kwa wazazi wao. Neno ni lile lile: "Tunajaza fomu na mwalimu hafukuzwi." Fomu haikuwekwa kumfukuza mtu. Tumelisema hili kila muhula, na inachosha kulirudia.

Tunachotaka kujua ni kama umefundishwa. Chukua wodi ya wazazi. Mama ameletwa kutoka Gongoni akiwa na uchungu, mwanafunzi ana patografu mkononi, ile chati ya kufuatilia uchungu: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kufunguka kwa njia kila baada ya saa 4. Mkufunzi mmoja anachungulia mlangoni, anauliza "Umejaza?" na kwenda zake. Mwingine anamwacha mwanafunzi asikilize, kisha anasikiliza mwenyewe, halafu anamvuta kando: "Umepata mapigo 170 kwa dakika. Utafanya nini sasa, na kwa nini?" Wote wawili ni wapole, na fomu zao zinarudi na 5, alama ya juu kabisa, toka swali la kwanza hadi la mwisho. Nitawatofautishaje? Ndiyo maana huanza kusoma ile sehemu ya maelezo, ambayo wengi wenu mnaiacha tupu au mnaandika "yuko sawa".

Mwaka 1985 watafiti Knox na Mogan wa Kanada walitenganisha mambo matano ya mkufunzi wa wodini: uwezo wa kufundisha, umahiri katika uuguzi wenyewe, namna anavyompima mwanafunzi, anavyohusiana na watu, na hulka yake. Upole una nafasi yake humo, lakini haubebi yote. Tena uchambuzi wa Uttl na wenzake wa mwaka 2017 haukuona kwamba walimu wanaopewa alama za juu ndio wanafunzi wao hujifunza zaidi. Kwa hiyo hatutegemei fomu peke yake: mhadhiri mwenzake huhudhuria somo, na muuguzi msimamizi wa wodi huulizwa.

Kuhusu hofu ya kujulikana. Jina halionekani kwenye ripoti. Mkufunzi haioni kabla alama zenu hazijaidhinishwa. Kundi likiwa na wanafunzi chini ya 5, ripoti yake huunganishwa na ya kundi linalofuata. Ukimpa mwenzako nywila akujazie, nyote wawili mtaitwa kwenye kamati ya nidhamu: kwanza barua, kisha kusikilizwa, kisha uamuzi kwa maandishi, na rufaa ni ndani ya siku 14.

Na tafadhali, msiandike jina la mgonjwa wala namba ya faili kwenye maelezo. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo faini yake hufika shilingi milioni 5. Andika "mama aliyekuwa kitanda cha dirishani". Nitaelewa, na mkufunzi wako ataelewa.