Kichocho Pemba: kidonge kinamkosa nani?

Ukitaka kujua kwa nini kichocho ni kigumu kumalizika Pemba, anza na maji, dawa zije baadaye. Kwenye uwanda wa mawe wa kusini mwa Unguja maji hayakai juu ya ardhi, na konokono anayepatikana huko, Bulinus nasutus, hakipokei kichocho chetu cha mkojo, ambacho minyoo yake hukulia kwanza ndani ya konokono kabla ya kumwingia mtu majini. Pemba ni vilima na mabonde ya mpunga, vijito kila upande, na ndani yake Bulinus globosus, anayekipokea vizuri sana. Kwa hiyo anayelima bondeni na anayefulia mtoni ndiye wa kwanza kuambukizwa. Mwenye bomba la maji uani ana nafuu.

Daktari Lorenzo Savioli, Mtaliana, alifanya kazi Pemba miaka ya 1980, kabla ya kuongoza idara ya maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa katika Shirika la Afya Duniani. Kwangu mimi mchango wake mkubwa ni kuthubutu kurahisisha kipimo: alionesha kwamba kutazama mkojo kwa macho na kuuchovya stripu ya kupimia damu kunatosha kumtambua mgonjwa katika kituo kisicho na darubini. Mgonjwa wa kijijini hakulazimika tena kusubiri maabara.

Lakini stripu ina mipaka yake. Maambukizi yakipungua, mtu hubaki na minyoo michache bila damu ya kuonekana, na stripu inasema hana kitu. Hapo lazima urudi kwenye darubini: mililita 10 za mkojo, uliochukuliwa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana kwa sababu ndipo mayai yanapotoka kwa wingi, unasukumwa kwa bomba la sindano kupita kwenye chujio. Mayai 50 na kuendelea ni maambukizi makali. Kosa la kila siku ni kutotikisa chupa: mayai yamezama chini, wewe umevuta maji ya juu.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Skulini, ambako watoto hugawiwa dawa hii, hakuna mizani ya kutosha, basi hutumika fimbo ya kimo, kwa vidonge vya miligramu 600: kuanzia sentimita 94 kidonge kimoja, 110 kimoja na nusu, 125 viwili, 138 viwili na nusu, 150 vitatu, 160 vinne, 178 vitano. Mtoto ale kwanza, hata kama ni uji tu. Akimeza na njaa, tumbo litamkata na atatapika, na mwakani mama yake atamficha siku ya dawa. Anayelia asilazimishwe, anaweza kupaliwa. Na dawa haiui minyoo michanga, kwa hiyo aliyeogelea mtoni juzi atabaki na yake hata akimeza sawasawa.

Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa skuli walio hatarini, ifikapo 2010. Lengo zuri, na skuli ni mlango rahisi, lakini ulivyo mlango ndivyo ulivyo na wanaobaki nje. Mtoto chini ya sentimita 94 hamo kwenye fimbo, ingawa mama yake humwogesha kijitoni. Aliyeacha skuli hamo kwenye daftari la mwalimu; huyo anatafutwa nyumba kwa nyumba, kwa orodha ya sheha, kiongozi wa serikali wa eneo.

Mwanamke ndiye anayesahaulika zaidi. Mayai hukwama kwenye shingo ya kizazi yakaleta vidonda, kutokwa na damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, pengine na ugumba, huku mkojo wake huenda hauna yai hata moja. Akifika kituoni hupewa dawa za magonjwa ya zinaa, arudi nyumbani na aibu isiyo yake. Stripu nayo humchanganya mpimaji, maana damu ya hedhi huonekana humo humo. Muulize hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, kisha umuulize anafulia wapi.