Je, wajua kwa nini yule mwali wa Uholanzi kakaa ndani ya uzio?

Ukipitia michoro ya Uholanzi ya miaka ya 1600, ile iliyochongwa kwenye bamba la shaba halafu ikapigwa chapa kwenye karatasi, utakutana sana na mwanamke kakaa ndani ya uzio wa fito zilizosukwa, mkononi kashika mti mrefu wenye kofia kwa juu, na karibu yake kuna simba.

Mimi miaka yote nilijua huyu ni mfungwa. Waholanzi walikuwa vitani na Hispania kuanzia 1568 mpaka 1648, kwahiyo nikaona mwanamke ndo nchi, uzio ndo jela, simba ndo askari anayemzuia asitoke, na kofia ni ya mtawala, imetundikwa watu waiinamie. Maelezo yalikaa vizuri kabisa, kumbe yote ni kinyume! Kilichonishtua ni simba. Mara nyingi yuko getini, upanga juu, na anatazama nje. Sasa askari jela anamwangalia aliye ndani, ila mlinzi wa nyumba anaangalia anayekuja.

Na uzio je? Kwa Kiholanzi unaitwa tuin, neno ambalo leo ni bustani lakini zamani lilikuwa uzio wenyewe. Sisi tunalo neno la namna hiyohiyo, ua. Ua ni yale makuti au matete yaliyozungushiwa nyumba, lakini ukisema "mama yuko uani" hakuna anayewaza makuti, unawaza pale ndani panapopikwa, ambapo mtu anajifunga kanga yake bila wasiwasi kwa sababu wa nje haoni. Au chukua boma, lilianza na kuzungushia, leo ukiambiwa nenda bomani unaenda ofisi za serikali. Yaani kinachozunguka kinakuja kubeba jina la kinachozungukwa. Kwahiyo mwali hajafungiwa, yuko kwake. Willem Buytewech alimchora hivyo mwaka 1615, kipindi vita vimesimama kwa mkataba wa miaka 12, yeye katulia bustanini na Hispania yenye hila iko nje.

Kofia ndo inanigusa zaidi. Roma ya kale mtumwa akiachwa huru alivaa kofia maalum, na Brutus, mwanasiasa wa Roma, baada ya kumuua mtawala wao Julius Kaisari mwaka 44 KK alitoa sarafu yenye kofia hiyo katikati ya majambia mawili. Waholanzi wakaichukua kama alama ya uhuru, ila kwenye michoro mingi si kofia ya Kirumi tena, ni ya ukingo mpana kama waliyovaa wao mitaani. Na inauma, maana kofia ya mtumwa aliyeachiwa inatundikwa juu wakati kampuni yao ya West Indies, iliyoanzishwa 1621, inasafirisha Waafrika utumwani.

Jambo moja la kuangalia, mwali huyu si nchi nzima kila mara. Uzio ulikuwa alama ya jimbo la Holland kabla haujawa wa wote, kwahiyo mchoro mwingine unasema jimbo tu na mwingine jamhuri yote. Mtazame simba mguuni: akishika mishale 7 iliyofungwa pamoja, hayo ni majimbo 7 ya jamhuri iliyotokana na muungano wa Utrecht wa 1579.